Mshipa Ukiziba: Neno Moja kwa Daktari, kwa Mwanabiolojia na kwa Mwanajiolojia

Chukua sentensi ya maneno mawili: mshipa umeziba. Mpelekee daktari, naye atakurudishia maswali kabla hujafunga mdomo: upi, wapi, tangu saa ngapi? Mpelekee mtaalamu wa mimea, atalishika jani, aligeuze, alitazame kwenye mwanga, kisha huenda akakwambia usihangaike, maji yatazunguka njia nyingine. Mpelekee mwanajiolojia, naye atabaki anakutazama akingoja umalize, kwa kuwa hujamwambia habari yoyote. Kwake mshipa ni lazima uwe umeziba. Ambao haujaziba bado ni ufa.

Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri maandishi ya sayansi, na neno hili hunipitia mezani karibu kila wiki. Nililichukulia kuwa neno jepesi hadi siku lilipoharibu kipeperushi cha afya nilichokuwa nakisimamia. Niliandika hivi: "Sindano ikichomwa vibaya inaweza kugusa mshipa." Nikawapa wauguzi wawili wakisome. Wa kwanza akaandika pembeni kwamba niongeze maelezo ya kukandamiza kwa pamba mpaka damu ikatike. Wa pili akaandika kwamba nimelichukulia jambo kijuujuu, mgonjwa anaweza kubaki anaburuta mguu maisha yake yote. Mmoja alisoma mshipa wa damu, mwingine alisoma mshipa wa fahamu. Wote wawili walisoma sawasawa. Aliyekosea ni mwandishi.

Basi ulinganisho huu nauweka kwa ajili ya yeyote anayeandika, anayefundisha au anayesoma sayansi kwa Kiswahili, akafika kwenye neno mshipa na kujiuliza aliache lilivyo au atafute jingine.

Linaloitwa ni umbo

Neno hili halikuzaliwa maabara. Watu waliona kitu kirefu, chembamba, chenye matawi, kimelala ndani ya kitu kingine cha rangi tofauti au ugumu tofauti, wakakiita mshipa. Tazama mgongo wa mkono wa mzee, kisha jani lililoinuliwa juani, kisha ukuta wa mwamba uliosuguliwa na maji ya mto. Utaona mchoro uleule: mstari mnene unazaa mwembamba, mwembamba unazaa uzi. Kilatini nacho kilitumia neno moja, vena, kwa mkono wa mtu na kwa mwamba wenye madini, na huko ndiko ilikotoka "vena" yetu ya hospitalini.

Jina lililotokana na umbo lina kasoro moja: halisemi kitu hicho kinafanya kazi gani. Kwa hiyo mimi hupima kila mshipa kwa maswali matatu. Ndani yake kunapita nini? Kinaelekea upande gani? Na je, hata sasa kinapita? Swali la tatu ndilo linalotenganisha nyanja hizi kuliko mengine yote.

Hospitalini: neno limebeba mizigo minne

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo neno linapoweza kumdhuru mtu.

Katika mazungumzo ya kawaida mshipa ni mrija wa damu. Ni neva pia, ndiyo maana tunasema mshipa wa fahamu. Ni kano vilevile: mtu akijinyoosha vibaya akasikia maumivu nyuma ya goti, atasema mshipa umevutika, na hapo hazungumzii damu hata tone. Halafu kuna maana ya nne, inayosemwa kwa sauti ya chini: "ana mshipa," yaani ana ngiri au busha. Sihesabu mshipa wa aibu, ambao husemwa umekatika kwa watu fulani. Huo hakuna mpasuaji aliyewahi kuuona.

Tuanze na damu. Mirija mikubwa ya damu ni ya aina mbili, ateri na vena, na kati yake kuna kapilari, nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita zikifuatana moja moja. Ateri hutoa damu moyoni. Vena huirudisha upande wa moyo. Hiyo ndiyo tofauti ya kushika, kwa sababu ile nyingine tunayofundishwa shuleni, kwamba ateri ina damu yenye oksijeni na vena ina damu isiyo nayo, huvunjika mara ufikapo kifuani. Ateri ya mapafu hutoka moyoni ikiwa na damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena za mapafu hurudi na damu iliyoshiba oksijeni. Huvunjika tena kwenye kiungamwana: kwa kawaida kuna ateri mbili na vena moja, na anayemletea mtoto damu yenye oksijeni kutoka kwenye kondo ni vena. Mwanafunzi aliyekariri rangi nyekundu na rangi ya buluu za kwenye mchoro ataangukia hapohapo.

Huhitaji maabara kuona tofauti. Weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya dole gumba. Kinachopiga hapo ni ateri. Sasa teremsha mkono kwa dakika moja mpaka mistari ya mgongo wa mkono ivimbe. Hizo ni vena, na ukizigusa hazipigi. Chagua moja iliyonyooka, ibonyeze kwa kidole karibu na vidole vyako, kisha kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwiko na uachie hicho cha pili. Ukibahatika kuvuka vali moja, yaani kilango kinachoiruhusu damu kupita upande mmoja tu, kipande hicho kitabaki kitupu, kimelala bapa chini ya ngozi. Damu ya juu haitelemki. Achia kidole cha kwanza, mstari unajaa papo hapo kutokea chini. Jaribio la namna hiyo ndilo daktari wa Kiingereza William Harvey alilolitumia katika kitabu chake cha 1628 kuonyesha kwamba damu ya vena huenda upande mmoja tu, na kwamba damu yote inazunguka. Kitu kimoja hakukiona: njia inayounganisha ateri na vena. Alikufa mwaka 1657, na miaka minne baadaye daktari wa Kiitalia Marcello Malpighi akaziona kapilari kwa hadubini kwenye pafu la chura. Mshike huyo Malpighi, tutakutana naye tena.

Hata usemi wetu wa mtu anayebishana "mpaka mishipa ya shingo inamtoka" una fiziolojia ndani yake. Ile inayotuna ni vena. Mtu akikaza sauti na kubana pumzi, mgandamizo ndani ya kifua hupanda, damu inayoteremka kutoka kichwani inakosa nafasi ya kuingia, nayo hujaa shingoni. Ateri ya shingo ipo palepale, imezama ndani zaidi, wala haionyeshi kituko.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu. Mshipa umeziba. Kama ni ateri, anayeumia ni aliye mbele ya kizuizi: damu haimfikii, anakufa njaa. Ateri ya moyo ikiziba, msuli wa moyo huanza kufa. Ya ubongo ikiziba ni kiharusi, na hapo dakika zinahesabiwa. Kama ni vena, anayeumia ni aliye nyuma ya kizuizi: damu imefika lakini haina pa kutokea, kwa hiyo mguu unavimba, unauma, unapata joto. Kisha kuna hatari nyingine, donge lile likatike lisafiri hadi mapafuni. Sentensi moja, magonjwa yasiyofanana, matibabu yasiyo na haraka ileile. Ukitafsiri na kuacha "mshipa" mtupu, umemnyima msomaji jambo la kwanza alilohitaji kujua.

Sindano nayo ina yake. "Dawa ya kwenye mshipa" maana yake siku zote ni vena. Ukiingiza dawa kwenye vena inaelekea moyoni, inachanganyika na damu nyingi. Dawa hiyohiyo ikiingia ateri ya mkono kwa bahati mbaya, inaelekea vidoleni ikiwa bado kali, na inaweza kuua nyama ya vidole. Anayeandika maelekezo ya dawa asione uvivu kuandika vena.

Neva ni jambo jingine kabisa. Haina tundu la kupitisha maji wala damu. Kinachopita ni ishara ya umeme, na katika neva nene zenye ala hufikia takriban mita 100 kwa sekunde. Nakiri kwamba nalipenda jina "mshipa wa fahamu" kuliko "neva". Lina picha, na bibi asiyesoma atalielewa. Kwa kumweleza mgonjwa nalitumia. Kwa kitabu cha wauguzi naandika neva, na nikitaka yote mawili naandika "neva, yaani mishipa ya fahamu" mara ya kwanza, kisha neva mpaka mwisho.

Kabla hatujatoka hospitalini, jambo dogo: si kila kuziba ni ugonjwa. Ile vena ya kitovu hujifunga baada ya mtoto kuzaliwa na kubaki kama ugwe kutoka kitovuni hadi kwenye ini. Sote tunao. Na vena zilizovimba na kujikunja miguuni, madaktari huweza kuziziba kwa makusudi, damu ikapita kwenye nyingine zenye afya.

Kwenye jani: mrija uliokufa ndio unaofanya kazi

Malpighi yule wa kapilari alihamia kwenye mimea. Katika miaka ya 1670 alichapisha michoro ya ndani ya shina na jani, na alitazama mirija ya mimea kwa jicho la mtu aliyezoea mirija ya wanyama. Ni jicho lililosaidia sana na kupotosha kidogo, kwa sababu mshipa wa jani unafanana na wa mkono kwa mchoro tu.

Kwanza, mshipa mmoja wa jani ni mafungu mawili ya mirija yaliyofungwa pamoja. Zailemu hupandisha maji na chumvi kutoka mizizini. Floemu husafirisha sukari iliyotengenezwa na jani. Ndani ya jani la kawaida zailemu hukaa upande wa juu na floemu upande wa chini. Mtu anaweza kujaribiwa kusema zailemu ni ateri na floemu ni vena. Nimeliona hilo kwenye mswada, na nililifuta. Hakuna moyo kati yake, na maji hayazunguki yakarudi: sehemu kubwa hutoka kwenye vitundu vya jani kama mvuke na kupotelea hewani. Kutoka huko ndiko kunakoivuta safu ya maji ya nyuma yake, kama kamba, hata kwenye miti inayopita mita 100 kwa urefu. Ateri inasukumwa, zailemu inavutwa.

Pili, na hili hushangaza wanafunzi, mrija wa zailemu uliokomaa umekufa. Seli zake zimekwisha, zimebaki kuta ngumu zenye lignini, ile dutu inayoupa ubao ugumu wake. Kufa huko ndiko kulikoufungua uwe bomba. Floemu kwa upande wake iko hai, na mwelekeo wake hubadilika: jani lililokomaa hutoa sukari, na lilipokuwa changa lilikuwa likipokea.

Aliyepima pande zote mbili alikuwa padri wa Kiingereza, Stephen Hales. Mwaka 1727 alichapisha vipimo vya maji yanayopita katika mimea, na mwaka 1733 vipimo vya damu. Alichomeka bomba la kioo kwenye ateri ya farasi jike, damu ikapanda zaidi ya futi 8, kama mita mbili na nusu. Huo ndio upimaji wa kwanza wa shinikizo la damu tunaoujua, na ulifanywa na mtu yuleyule aliyepima mizabibu.

Ukitaka kuona mishipa ya mmea ikifanya kazi, kata ua jeupe lenye kikonyo kirefu, lisimamishe kwenye glasi ya maji yenye rangi nzito, liache hadi kesho. Rangi haitasambaa kama doa la wino kwenye karatasi. Itapanda kwa mistari, na petali zitachorwa mtandao mwembamba ambao jana haukuonekana.

Sasa, mshipa umeziba. Katika zailemu kizuizi cha kawaida ni hewa. Ukame ukizidi, kamba ya maji hukatika, kiputo kinajitokeza na mrija huo hauvuti tena. Wataalamu wa mimea hukiita kwa jina lilelile la madaktari, embolizimu. Lakini jani limejiandaa. Kuta kati ya mrija na mrija zina viwambo vinavyopitisha maji na kukizuia kiputo kisihame, na majani mengi yana mtandao wenye vitanzi, hivyo maji hupata njia ya pembeni. Jani lenye mshipa mmoja uliokatwa linaweza kubaki kijani. Moyo hauna bahati hiyo: ateri zake kwa sehemu kubwa hazina njia ya pembeni ya kutosha kwa haraka.

Na kuna miti inayoziba mishipa yake yenyewe. Sehemu ya kati ya gogo, ile yenye rangi iliyokolea, haipitishi maji tena. Katika mwaloni mweupe mirija hiyo ya zamani hujazwa na vijifuko vinavyoota kutoka seli za jirani, ndiyo maana mbao zake hutengenezewa mapipa ya mvinyo yasiyovuja. Mwaloni mwekundu hauzibi hivyo. Kipande kifupi cha mti wake unaweza kukipuliza upande mmoja, hewa ikatokea upande wa pili.

Kuhusu bawa la mdudu nitasema machache. Mistari ile ya bawa la kereng'ende huitwa mishipa pia, na mtindo wa kuipa majina uliowekwa na wataalamu wa wadudu Comstock na Needham mwaka 1898 bado unafuatwa. Kichekesho ni kwamba mdudu hana vena wala kapilari. Damu yake, hemolimfu, huogelea huru ndani ya mwili. Mishipa ya bawa ni nguzo zenye uwazi: hubeba bawa lisikunjike, na ndani yake hupita hemolimfu kidogo, mirija ya hewa na neva. Kipepeo akitoka kwenye kifukofuko huisukumia hemolimfu mpaka bawa lililojikunja linyooke. Neno mshipa hapa ni salama, hakuna wa kulichanganya na kitu kingine.

Kwenye mwamba: kovu la maji ya moto

Mtu aliyeueneza mshipa wa mwamba kitabuni alikuwa daktari. Georgius Agricola alitibu watu katika miji ya wachimba madini huko Ulaya ya kati, na kitabu chake kikubwa cha uchimbaji kilitoka mwaka 1556, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ndani yake alipanga mishipa kwa namna inavyolala: inayozama chini, iliyotandazwa kama tabaka, iliyolundikana mahali pamoja, na vijishipa vyembamba akaviita nyuzi. Ni mpangilio wa mtu aliyezoea kufungua mwili. Wa pili ni Nicolaus Steno, mwanaanatomia aliyegundua mfereji wa mate wa shavuni na kuonyesha kwamba moyo ni msuli, kisha mwaka 1669 akaandika kijitabu kuhusu vitu vigumu vilivyomo ndani ya vitu vigumu, mojawapo ya misingi ya jiolojia.

Swali la Steno ndilo swali la mshipa wa mwamba: kitu kigumu kimeingiaje ndani ya kitu kigumu? Jibu ni kwamba hakikuingia kikiwa kigumu. Mwamba ulipasuka. Maji ya moto yenye madini yaliyoyeyuka yakapita kwenye ufa. Joto au mgandamizo uliposhuka, au kemia ilipobadilika, madini yakaganda kwenye kuta, tabaka juu ya tabaka, mpaka nafasi ikajaa. Mara nyingi kilichoganda ni kwatzi nyeupe au kalsaiti. Mara chache kuna dhahabu, fedha au shaba pamoja nayo.

Kwa hiyo jibu la swali langu la tatu hapa ni hapana. Hakipiti kitu. Mshipa wa mwamba ni mfereji uliojizika kwa shehena yake wenyewe, na kinachochimbwa ndicho kile kile kilichouziba. Kinachomuua mgonjwa wa daktari ndicho kinachompa mwanajiolojia kitu cha kuandika.

Okota jiwe jeusi la mtoni lenye mstari mweupe, ulioshe, ulitazame kwa lenzi. Mara nyingine utaona fuwele zimeota kutoka kuta mbili zikielekezana ncha katikati, kama meno yaliyokutana, na pale ambapo hazikukutana kuna kijipango kitupu chenye mng'ao. Mara nyingine utaona mistari midogo sambamba na ukuta: ufa ulifunguka, ukaziba, ukafunguka tena, ukaziba tena, mara nyingi sana. Ukiona mstari mweupe umeukata mwingine, ule uliokata ndio mdogo kwa umri. Na ndani ya fuwele zenyewe mna matone ya yale maji ya kale, madogo yasiyoonekana kwa macho matupu. Mwanajiolojia wa Kiingereza Henry Clifton Sorby aliyachunguza kwa hadubini na mwaka 1858 akaeleza jinsi kiputo kilichomo ndani ya tone kinavyoweza kutumika kukadiria joto la siku fuwele ilipojifunga. Hakuna mshipa wa mwili unaotunza kumbukumbu hivyo.

Lililo la hatari kwa mwandishi hapa ni mambo mawili. Daiki inafanana na mshipa, nayo hukata mwamba kama ukuta, lakini iliingia ikiwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikapoa. Kuiita mshipa ni kusema uongo kuhusu asili yake. La pili ni "mshipa wa maji" wa wachimba visima. Watu hulifikiria kama mrija wa damu chini ya ardhi, kwamba ukiukosa kwa hatua mbili umekosa maji. Sehemu nyingi maji ya ardhini hayako kwenye mirija. Yamejaa katika vitundu na nyufa za tabaka zima, kama maji kwenye sifongo. Kwenye miamba ya chokaa yenye mapango, ndiyo, kuna mito ya chini kwa chini. Kwingine, andika tabaka la maji.

Kando kwa kando

| | Mwilini | Kwenye jani | Kwenye mwamba |
|---|---|---|---|
| Kinachopita | damu (au ishara, kama ni neva) | maji na sukari | zamani maji ya moto |
| Nguvu | moyo, na misuli kwa vena | mvuto wa mvuke; sukari husukumwa | mgandamizo na joto la chini ya ardhi |
| Kuta | hai | zailemu imekufa, floemu hai | za mwamba wenyewe |
| Ukiziba | hatari | mara nyingi hupitiwa kando | ndipo unakuwa mshipa |

Jedwali linadanganya kidogo katika safu ya kuta. Ateri huweza kupata chokaa kwenye ukuta wake, ikawa ngumu kama jiwe, na mtu akashawishika kuona mshipa wa mwamba ndani ya mwili. Lakini chokaa hiyo hukaa ndani ya ukuta. Kwenye mwamba madini hujaza uwazi wenyewe.

Uchague lipi

Ukiandika tiba, usiache "mshipa" peke yake kwenye sentensi yenye maelekezo. Andika ateri, vena, neva, kano au ngiri. "Mishipa ya damu" kwa wingi ni sawa pale unapozungumzia yote kwa ujumla, kama shinikizo la damu linavyoichosha. "Mirija ya damu" nayo si mbaya, ila ninaiona inafaa zaidi pale unapoeleza upana na ukuta wake.

Ukiandika mimea, "mshipa wa jani" ndilo neno bora tulilo nalo, mradi swali lisiwe la kile kinachopita. Likifika hapo, gawa: zailemu au floemu. Kwenye shina nasema "fungu la mirija", kwa kuwa mtu akisikia mshipa ndani ya shina atatafuta mstari asiouona.

Ukiandika jiolojia, "mshipa" halina mpinzani. Taja tu umejazwa na nini: mshipa wa kwatzi, mshipa wa kalsaiti. Hata "mshipa wa dhahabu" huuandika kwa kusita, maana kwa kawaida huo ni mshipa wa kwatzi wenye dhahabu kiduchu, na msomaji hupiga picha ya mstari wa njano.

Kile kipeperushi kilitoka na sentensi mbili badala ya moja. "Sindano ikitoboa mrija wa damu, damu itavuja chini ya ngozi, kandamiza kwa pamba. Sindano ikigusa neva, mgonjwa atahisi kama kapigwa na umeme hadi mguuni. Iondoe mara moja na usichome tena hapo." Muuguzi wa pili alirudisha karatasi na alama moja tu ya kalamu. Alikuwa ameongeza, baada ya neno neva, alama ya mkwaju (/) na maneno matatu: mshipa wa fahamu.